Pigo la Mgeni

Kutoka kitandani kwa Mama hadi mlango wa jikoni zilikuwa hatua ishirini na nne, na kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, kabla chai haijachemka, Mama alizitembea zote.

Mama mdogo Nalimi alikaa kwenye kigoda na sinia la bati magotini, akilipiga kwa vijiti viwili. Sifuni alimfuata mama yake kwa nyuma, mikono ameitanua bila kumgusa, kama mtu anayeswaga kuku bandani. Sinia likilia, miguu ilikwenda. Likinyamaza, miguu iliganda palepale, nyayo zimeng'ang'ania sakafu kana kwamba zimemwagiwa saruji. Ndivyo ugonjwa wa kutetemeka ulivyomfanya. Nguvu alikuwa nazo na nia alikuwa nayo, ila amri ya kwenda ilipotea mahali fulani kati ya kichwa na magoti. Kitu pekee kilichoweza kuiokota na kuifikisha kilikuwa mdundo wa kupura alizeti, aliousikia tangu akiwa amebebwa mgongoni na mama yake.

Daktari alishawahi kumjaribishia nyimbo nyingine. Alileta kwaya, akaleta bendi ya polisi, akaleta hata mlio wa saa ya ukutani. Walijaribu kumpigapiga begani kwa kiganja. Miguu ilisogea hatua mbili, ikakataa kama punda aliyeona daraja. Mdundo wa alizeti ulipopigwa, Mama aliondoka kama hana ugonjwa, na daktari akaishia kukuna kidevu.

Asubuhi ile alikuwa amefika hatua ya kumi na moja. Alikuwa akimsimulia mdogo wake habari za mchungaji mpya, ambaye kwa maneno yake akianza kuhubiri unaweza kuinjika maharage, ukaenda ibadani, ukarudi ukayakuta yameiva, ukala, na yeye bado yuko kwenye utangulizi. Nalimi alikuwa akicheka. Kisha Mama akasimama. Bega lilikuwa limekwisha kutangulia mbele na miguu haikulifuata, na kama si mikono ya Sifuni angeanguka kifudifudi.

Alimuuliza Nalimi mbona ameacha kupiga.

"Sijaacha, dada," alisema Nalimi.

Kweli hakuwa ameacha. Vijiti vilikuwa vikipanda na kushuka, sinia likitetemeka magotini mwake, na hakuna kilichosikika. Birika lilisikika likifoka. Jogoo wa jirani alisikika. Hata pumzi za Mama zilisikika. Sinia peke yake ndilo lililokuwa bubu. Nalimi alilipiga kwa nguvu zaidi, uso umemkunjamana, akawa kama mtu anayegonga mlango ndani ya ndoto.

Ndipo sauti laini ya kike ikazungumza ndani ya masikio yao wote watatu kwa pamoja: "Mdundo huu umehifadhiwa. Unapatikana ndani ya Daka pekee. Asante kwa kuwaheshimu watunzi."

Nalimi akaangalia huku na huku kama mtu aliyetukanwa hadharani. Mama hakuangalia kokote. Uzito wake wote ulikuwa mikononi mwa Sifuni, na Sifuni alihisi moyo wa mama yake ukigonga mgongoni, upesi upesi, bila mpangilio. Yeye hakuhitaji kuuliza lolote. Alifanya kazi Daka. Mtunzi aliyekuwa akiheshimiwa alikuwa yeye.

*

Miaka kumi na mbili nyuma watu wote wa Singida, na wa nchi nzima, walipandikiziwa kisikizi nyuma ya sikio. Kilikuwa kidogo kama punje ya mtama. Kilileta simu, kikaleta benki, kikaleta daktari asiyelala, na aliyekikataa hakuweza hata kununua chumvi dukani. Baadaye yakaja makelele ya miji, na serikali ikaruhusu kisikizi kichuje sauti: honi, mashine za kusaga, ugomvi wa majirani. Watu wakashangilia. Kifaa cha kuchuja kikaitwa Pazia. Hakuna aliyeuliza nani mwingine angeweza kulishusha.

Kampuni za gemu za midundo ziliuliza. Wakati huo watoto na watu wazima walikuwa wamelewa gemu hizo. Unasimama mbele ya kioo, vimulimuli vinaanguka kwa kufuata muziki, na wewe unavidaka kwa viganja bila kukosa hata kimoja. Daka na mshindani wake, Ruka, waligombea nyimbo kama fisi wawili kwenye mfupa mmoja. Mwanzoni leseni ya upekee ilimaanisha tu kwamba wimbo ulio Daka hautasikika Ruka. Kisha mawakili wakauliza kuna faida gani kumiliki wimbo ambao mtu yeyote anaweza kuupiga bure barazani kwake. Jibu lilikuwa Pazia.

Ofisi za Daka zilijengwa juu ya majabali yanayotazama ziwa Singidani, na Sifuni alikuwa mmoja wa wachoraji wa mapigo. Kazi yake ilikuwa kuusikiliza wimbo mara mia, hadi ajue kila kimulimuli kianguke wapi na lini. Aliipenda kwa sababu haikumtaka aongee. Tangu utotoni maneno yalimkwama kooni kama mfupa wa samaki. Shuleni walimwita Sinia, kwa kuwa, walisema, usipolipiga halitoi sauti.

Siku hiyo hakwenda kwenye meza yake. Alipanda moja kwa moja kwa Bwana Method Kagemulo, mkuu wa leseni, akasimama mlangoni hadi alipoonwa.

Kagemulo alikuwa mpole kwelikweli, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Alimvutia kiti, akamsogezea karanga. Akamsikiliza habari za sinia na hatua ya kumi na moja bila kumkatiza, na alipomaliza alifumba macho kidogo kama mtu aliyechomwa. Alisema hakujua habari za mama yake. Angejua, angemtaarifu mapema.

Kisha akaeleza. Ruka walikuwa wametuma watu wao huko uani kwa akina mama, wakawarekodi wakipura alizeti. Mwezi ujao wangeuingiza mdundo ule kwenye gemu yao, na Sifuni anajua kwamba wimbo wa Alizeti ndio unaochezwa kuliko zote Daka. Kwa hiyo Daka wameomba leseni ya upekee, na Pazia limeshushwa kwa zuio la muda hadi Ijumaa, siku Msajili wa Chimbuko, anayeamua mdundo ni wa nani, atakapokaa. Sheria ilikuwa na milango miwili tu. Mdundo wa jamii haufungiwi na mtu yeyote. Mdundo wenye mtunzi mmoja anayejulikana, mtunzi huyo anaweza kuukabidhi kwa amtakaye.

"Na mtunzi ni wewe," alisema Kagemulo. "Iko kwenye faili yako."

Sifuni aliijua faili hiyo. Miaka mitano nyuma, akiwa ametoka chuoni na viatu vya kuazima, alikaa kwenye kiti hikihiki akawachezea mdundo wa Alizeti kutoka kwenye kinasa chake. Kagemulo akaruka kwa furaha, akauliza, huu umeutunga mwenyewe? Sifuni alitaka kusema hapana, ni wa kina Bi Mwasiti wanaopura alizeti, nilikwenda kuwasikiliza. Alilipanga jibu lote kichwani, neno baada ya neno. Kisha akainamisha macho akatabasamu, na Kagemulo akaandika ndiyo.

Sasa alijaribu kulisema lile jibu. Alitamka kwamba kuna akina mama fulani, na kwamba wao walikuwa wakiupiga kabla. Kagemulo alitikisa kichwa taratibu kama mwalimu anayemsaidia mwanafunzi mzuri.

Alimchezea rekodi mbili, kwa kuwa ndani ya ofisi za Daka Pazia halikushushwa. Ya kwanza ilikuwa ya Ruka, ile ya uani: mapigo sita, kisha nafasi tupu, mapigo sita, nafasi tupu. Ya pili ilikuwa ya Sifuni: mapigo sita, na pale penye nafasi, pigo la saba, jepesi, kama kidole kinachobisha hodi.

"Hili la saba wao hawana," alisema. "Hili ndilo linalowapandisha watu wazimu wakicheza. Sisemi uongo, Sifuni. Hili umelileta wewe. Ninachoomba uandike ni kwamba mdundo, kama tunavyoujua, ni wako."

Akamsogezea kibali. Kilikuwa kimekwisha kuandaliwa. Sifuni akisaini hati ya chimbuko Ijumaa, kisikizi cha mama yake kitafunguliwa siku hiyohiyo, kwa sababu za tiba, maisha yake yote. Nalimi atapiga sinia lake na Mama atasikia. Asiposaini patakuwa na shauri, na shauri likiwapo zuio linabaki hadi hukumu. Mwaka mmoja. Huenda miwili. Ndani ya gemu ungesikika, lakini mbele ya kioo tu, ambako mtu husimama, hatembei. Kagemulo alisema hilo kwa huzuni ya kweli, akamwongezea karanga.

*

Alipofika nyumbani jioni, alimkuta Mama amekaa palepale alipomwacha. Mchana Nalimi alikuwa amembeba mgongoni kumpeleka chooni, mwanamke wa miaka hamsini akimbeba wa miaka sitini na mbili, na walipokuwa wakirudi jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza kama kuna msiba. Mama alisimulia hayo kwa sauti kavu, kama anayesoma tangazo.

Sifuni alimweleza kila kitu, kibali na karanga, na rekodi zote mbili. Alitarajia Mama afikiri. Mama hakufikiri hata kidogo. Alisema mambo ya kina Mwasiti ayaache. Wao wana miguu, na alizeti itapurwa hata kukiwa kimya kama kaburini. Alisema karatasi ni karatasi. Alisema pia jambo ambalo hawakuwahi kulitaja ndani ya nyumba ile kwa miaka mitano: kwamba siku gemu ilipozinduliwa aliona jina la binti yake kwenye kioo, limeandikwa mtunzi, akajua si kweli, akapiga makofi.

"Nilipiga makofi kwa ajili yako," alisema. "Sasa wewe saini kwa ajili yangu."

Nalimi aliinuka akaenda kukoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu. Sifuni aliitazama miguu ya mama yake juu ya mkeka, imetulia upande kwa upande kama jozi ya viatu nje ya nyumba ya mtu mwingine, na hakujibu. Mama alichukulia kutojibu huko kuwa ni ndiyo. Watu wote walichukulia hivyo siku zote.

*

Alhamisi aliomba ruhusa kazini akaenda uani kwa Bi Mwasiti. Alikuwa amefanya mazoezi njia nzima ya namna ya kuomba radhi, lakini alisahau desturi ya ua ule.

Wanawake sita walikuwa wameketi duara kuzunguka rundo la vichwa vya alizeti vilivyokauka, kila mmoja na fimbo yake. Fimbo zilianguka moja baada ya nyingine, na mbegu nyeusi ziliruka kama panzi. Hakuna kilichosikika. Sifuni aliona vumbi likipanda, akaona mabega yakipokezana, macho ya kila mmoja yakiwa kwenye kiwiko cha mwenzake, kwa kuwa sikio halikuwa na msaada tena. Fimbo ya sita ilipoanguka, zote zilisubiri kwa muda wa pigo moja, kisha ya kwanza ikaanza tena. Walisubiri hivyo kila mara, hata sasa ndani ya ukimya.

Nafasi ile iliitwa pigo la mgeni. Hakuna aliyekuwa kwenye duara aliyeruhusiwa kuijaza. Yeyote aliyeingia getini, awe amekuja kuazima chumvi au kudai mbuzi wake, alipewa fimbo kabla ya salamu, akapiga mahali pake, ndipo akaulizwa kilichomleta. Sifuni alikuwa ameijaza akiwa na miaka kumi na tisa, kinasa kimefichwa chini ya kanga, akiogopa hata kuziumiza mbegu. Baadaye, mbele ya mashine za Daka, aliichora iwe pigo la lazima. Gemu haijui kumsubiri mtu. Nafasi tupu inaihesabu kuwa ni kosa.

Kabla hajafungua kinywa, Bi Mwasiti alimrushia fimbo.

Alipiga. Sauti ileile ya kike ikamwonya sikioni, na akatambua kwamba wanawake wote sita walikuwa wakionywa hivyo kwa kila mzunguko tangu asubuhi. Mmoja wao, mnene, mwenye kilemba cha kijani, alimwambia kwa ufahari kwamba wamekwisha kufikisha maonyo mia tisa. Yakifika elfu moja kisikizi kinafungwa juma zima, simu na benki na kila kitu ila Pazia, na hapo, alisema, ndipo atakapopata mapumziko mbali na mkwewe, maana mwanamke yule anapiga simu hata kumuuliza vitunguu vikatwe vipi. Wenzake wakacheka. Fimbo hazikusimama.

Bi Mwasiti hakucheka. Alimwambia Sifuni anapiga kama anayeiomba alizeti radhi, na kwamba alipiga hivyohivyo mwaka ule. Kisha akauliza, kwa utaratibu, kilichomleta.

Sifuni aliwaambia. Alisimulia vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma, mara nyingi akiitazama fimbo. Alipofika kwenye jina lake lililoandikwa mtunzi, yule wa kilemba cha kijani akasema kwamba kama mtoto alitaka kuuza kelele za ua huu, angeuza domo la Mwasiti, watu wote wangepumzika. Safari hii hakuna aliyecheka sana. Sifuni akaendelea hadi mwisho, hadi kwenye pigo la saba, na namna kampuni inavyodai kwamba hilo ndilo linaloufanya mdundo uwe wake.

Fimbo zilisimama kwa mara ya kwanza.

Bi Mwasiti alifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa mwanamke mdogo, mwembamba, mwenye mabega ya mtu aliyepura miaka hamsini. Hakumwambia Sifuni amemsamehe, wala hakumtukana. Alisema walikuwa wamefikiria kwenda mbele ya Msajili wenyewe. Lakini wao wangesema mdundo ni wetu, kampuni ingesema haya mapigo ni saba nanyi mna sita, na mwisho wa kisa. Alivyosema, sheria inajua kuhesabu kilichopo, haijui kuhesabu kilichoachwa.

"Pigo la saba halina mwenyewe," alisema. "Likiwa na mwenyewe, mgeni atapiga nini?"

Sifuni akauliza, kwa sauti ambayo yule wa kilemba cha kijani ilibidi ainame kuisikia, je, kama ni mama yake ndiye atakayekaa mwaka mzima bila kutembea.

Bi Mwasiti alimfahamu Mama tangu wakiwa wasichana. Walipura pamoja kabla Mama hajaolewa. Alijibu kwamba hilo hawezi kumwamulia, na kwamba atakayemwamulia atakuwa mwongo. Kisha akaokota fimbo yake. Duara likaanza tena, sita na nafasi, sita na nafasi, na maonyo yakaendelea kuhesabiwa.

*

Ijumaa Mama alitaka kwenda. Alivaa gauni lake la kitambaa cha kung'aa, la Pasaka, akaketishwa kwenye kiti cha magurudumu walichoazima zahanati, na akamwagiza Nalimi achukue lile sinia. Alipanga kutoka pale kwa miguu yake. Ndani ya chumba cha Msajili waliruhusiwa wahusika tu, kwa hiyo dada wawili walibaki ukumbini, sinia limefunikwa kitenge.

Msajili alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba, na alionekana kuchoka kabla siku haijaanza. Kagemulo alizungumza vizuri. Pazia liliinuliwa ndani ya chumba kile kwa ajili ya shauri, akachezesha rekodi mbili, akaonyesha pigo la saba, akasifu kipaji cha kijana wa Singida. Hati ilisukumwa mbele ya Sifuni, na kalamu juu yake. Msajili akamuuliza, kama alivyotakiwa na sheria, kama mdundo huu ni utungo wake.

Sifuni aliinamisha macho. Lilikuwa jambo dogo kabisa, kuinamisha macho. Misuli ililijua yenyewe. Aliona kidole cha Msajili kikielekea kwenye kitufe, tayari kuandika ndiyo kwa niaba yake, kama Kagemulo alivyowahi kufanya, kama Mama alivyofanya juzi jioni. Akaelewa kwamba hakuwahi kusema uongo hata mara moja maishani. Aliwaachia wengine wauseme, naye akakaa pembeni akionekana mwema.

Aliinua uso akasema hapana.

Kidole kilisimama. Msajili alimtaka aeleze, naye akaeleza, safari hii akianzia mwanzo. Alitaja majina ya wanawake sita, moja baada ya jingine, na jina la ua. Alisema alikwenda na kinasa bila kuwaambia. Kuhusu pigo la saba, alisema ni kweli mkono uliolipiga ulikuwa wake, lakini hakulitunga. Alipewa, kama mgeni anavyopewa kiti, na mtu hageuki mwenye nyumba kwa sababu alikaribishwa kukaa. Akasema kama kuna kitu chochote alichokibuni kwenye wimbo ule, basi ni kosa la kuifuta nafasi iliyoachwa kwa ajili ya watu wengine.

Msajili alivua miwani. Alimwonya kwamba anakiri kutoa maelezo ya uongo kazini, na kwamba kwa kukana hati shauri linafunguliwa leo, na zuio halitaondoka hadi liishe. Alimuuliza kama anaelewa maana yake.

"Sifuni," alisema Kagemulo taratibu, "mama yako yuko hapo nje."

Alisema hilo bila hila. Alikuwa akimkumbusha tu, kama angemkumbusha mwavuli. Sifuni alimjibu kwamba anajua alipo mama yake. Akamwambia Msajili anaelewa, aandike, na akasubiri hadi aliposomewa maneno yake yote, akayasahihisha mahali pawili, akayatia sahihi. Alipoinuka, Kagemulo alikuwa ameshika kile kibali bila kujua akiweke wapi.

Ukumbini Nalimi alikuwa tayari amelifunua sinia. Mama alikuwa ameondoa miguu kwenye vikanyagio vya kiti na kuiweka sakafuni, sawasawa, akiwa ameshika mikono ya kiti ili ainuke. Uso wake ulikuwa umechangamka kama wa msichana anayesubiri kuitwa kucheza.

"Tayari?" aliuliza. "Umesaini?"

Sifuni angeweza kutikisa kichwa. Angeweza kumwachia Nalimi ajaribu sinia, ukimya ukajibu wenyewe. Angeweza kusema shauri limeahirishwa, wamekataa, karatasi zimepotea, na Mama angewalaani Daka hadi Krismasi na kumpenda yeye. Alipiga magoti sakafuni mbele ya kiti, akaishika miguu ya mama yake, na alipozungumza, sauti yake ilifika hadi mwisho wa ukumbi. Watu wawili waliokuwa wakisubiri zamu waligeuka.

"Sijasaini, Mama. Hakuna aliyenizuia, nimekataa mwenyewe. Nilijua uko hapa nje na miguu yako chini, na nimekataa hivyohivyo. Mdundo niliwaibia, wewe ulijua, tukapigiana makofi. Nitakubeba mgongoni mwaka huu wote, na wa pili ukitokea, chooni na kanisani na popote unapotaka, na ukinichukia nitakubeba umenichukia. Lakini si wangu. Sikuutunga. Si wangu."